Waliofuata Bunduki

Siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, Wankyo alitua ndoo yake ya uji wa ulezi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji cha Rwamkara, juu kidogo ya Nyamuswa. Akapanga vikombe saba vya plastiki juu ya ubao, akafunika viazi vitamu kwa kitenge visipoe. Alikuwa amesikia kwamba kutakuwa na foleni, na penye foleni watu husikia njaa. Mbele yake askari wa kike, Koplo Consolata, aliyetoka Bunda alfajiri na lori la mabati, alikuwa anafuta vumbi kwenye meza ya kuazima. Mabati yalipangwa kulia kwa meza. Kushoto palikuwa na stoo ya pamba, ambayo sasa ingetunza silaha.

Tangazo lilikuwa limesomwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Mwenye bunduki isiyo na kibali ailete kwa hiari yake. Hatakamatwa, hatapigwa picha, hataulizwa ameitoa wapi wala aliitumiaje. Bunduki moja, mabati matatu.

Wa kwanza alikuwa mzee Enos. Alileta gobore la baba yake, limefungwa kamba ya katani pale kitako kilipopasuka. Nyuma yake walikuja nyumbu wanne, swala wawili na kanga wasiopungua thelathini, wakitembea kwa utaratibu kama ng'ombe wanaokwenda josho. Enos aliposimama, nao wakasimama.

Koplo Consolata alitazama fomu yake. Ilikuwa na nafasi ya jina, aina ya silaha, hali ya silaha na idadi ya mabati. Mwisho kabisa palikuwa na nafasi nyembamba iliyoandikwa maoni.

"Hawa ni wako, mzee?"

"Ni wa gobore," alisema Enos. "Mimi niliwala tu."

Consolata akaandika kwenye maoni: nyumbu 4, swala 2, kanga wengi. Akaomba wasogezwe pembeni wasizibe foleni. Gobore likaingizwa stoo, na wale wanyama wakaenda kusimama ukutani, wakaanza kula maua ya ofisi ya kijiji.

Kufika mchana ikawa imejulikana jinsi inavyokwenda. Kila bunduki ilikuja na wale iliowaua, na wale waliouawa hawakuweza kwenda mbali na stoo kupita pale ambapo risasi ya gobore ingefika. Bwana mmoja wa wanyamapori alikuja na pikipiki, akawahesabu nyumbu, akasema kwa kuwa wamekwisha kufa hawamhusu. Akanywa uji vikombe viwili, akaondoka.

Jumanne wakaanza kuja watu. Mama mmoja alileta bunduki ya marehemu kaka yake, na nyuma yake akaja mwanamume wa makamo amevaa koti la mvua, ambaye hakuna aliyemjua. Aliomba maji. Akasema kwao ni upande wa Butiama, akataja jina la baba yake. Consolata akapiga simu mbili tatu, na Jumatano ndugu zake wakaja na bajaji, wakaleta godoro na kuku wa kuchemsha, wakakaa naye ukutani. Mke wake alikuwa ameolewa tena. Alikuja na mume wake mpya, wakasalimiana wote vizuri.

Foleni nayo ilikuwa na maneno yake.

"Tukishazitoa, ng'ombe tutawalinda na nini? Filimbi?"

"Mwizi akija, mpigie afande. Atafika kesho kutwa, na biki yake."

"Afadhali bati," alisema Helena, jirani yake Wankyo, aliyekuwa amekuja kununua kiazi na kukaa siku nzima. "Bati halijawahi kuua mtu."

"La kwangu liliezuliwa na upepo likachinja mbuzi."

"Mbuzi si mtu."

"Wewe hukumjua yule mbuzi."

Mzee Enos, ambaye alikuwa anakuja kila siku kuwaangalia nyumbu wake, alisema wenye bunduki za maana hawatakuja kamwe. Zile zina kibali, zinalala kabatini kwenye nyumba za vigae, na waliouawa nazo wanalala nazo humo humo. Hapa wanaitwa wenye makorokoro. Watu wakasema ni kweli, wakasogea hatua moja mbele.

Eliasi mhunzi alileta magobore matatu kwa mpigo. Nyuma yake hapakuwa na mtu wala mnyama, hata njiwa. Consolata akainusa mitutu. Ilinuka grisi mbichi.

"Haya yameua nini?"

"Bado, afande."

"Umeyatengeneza lini?"

"Tangazo lilisema hakuna maswali."

Consolata akausoma waraka wake toka juu mpaka chini. Waraka ulisema bunduki ni bunduki. Akampa mabati tisa, na jioni ile mivukuto ya Eliasi ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Gobore jipya alikuwa anauza kwa mabati mawili.

Siku zote hizo Wankyo aliuza vikombe sita na kukiacha cha saba. Alikijaza asubuhi, akakifunika kwa sahani, na jioni akakimwaga. Kila mtu pale Rwamkara alijua ni cha nani.

Miaka minane nyuma, wezi walichukua ng'ombe wa jirani yake Mugeta, Baba Hana. Yowe likapigwa, wanaume wakatoka na walichonacho, wakafuata nyayo usiku kucha, maana kijiji ambamo nyayo zinapotelea ndicho kinacholipa. Makoye, mtoto pekee wa kiume wa Wankyo, alikuwa na miaka kumi na tisa na miguu myepesi kuliko wote. Kulipopambazuka walimkuta bondeni amelala kifudifudi, na ng'ombe wanakula majani pembeni yake. Ikasemwa wezi wamempiga risasi wakakimbia. Mugeta ndiye aliyembeba begani mpaka nyumbani, na ndiye aliyechimba kaburi, hakukubali mtu ampokee jembe. Tangu hapo, kila msimu alilima shamba la Wankyo kwa ng'ombe wake kabla hajalima lake. Ila chakula cha Wankyo hakula hata siku moja. Kila akikaribishwa alikuwa ametoka kula, au jino linamuuma, au amefunga. Wankyo alidhani ni aibu ya mtu mwema.

Alichokuwa anaomba ni kitu kimoja. Bunduki ya wale wezi, popote ilipo, iangukie mikononi mwa mtu mwenye shida ya mabati.

Alhamisi, kwenye saa nne, Wankyo alikuwa anamimina uji wa Helena alipomwona Mugeta kwenye foleni, ameshika kitu kirefu kwenye mfuko wa mbolea. Nyuma ya Mugeta alikuwa Makoye. Alikuwa amevaa sweta lake la kijani na ameweka fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake kama alivyopenda kutembea. Wankyo akamaliza kumimina. Kikombe hakikufurika. Akampa Helena, akafuta mikono kwa khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda. Ndivyo nilivyokuwaga."

"Ulikuwaga mnene."

"Ulikuwa unaniona mnene wewe peke yako."

Akamfunulia kikombe cha saba. Makoye akakaa kwenye jiwe, akapuliza uji ingawa haukuwa wa moto sana, akanywa. Wankyo akamtazama anavyokunywa. Kisha akageuka, akamtazama Mugeta, na Mugeta alikuwa anatazama mabati.

Wazee wa pale husema mkono uliomwaga damu hauingii bakuli moja na mkono wa aliyefiwa, mpaka wazee wakae na kondoo achinjwe. Asiyejali hilo tumbo lake huvimba. Ndipo Wankyo akaelewa lile jino lililouma miaka minane.

Consolata alikuwa anaandika. Mugeta. Gobore. Zima. Matatu. Kwenye maoni akaandika: mtu 1, kijana, anajulikana.

Wankyo akaenda mezani. "Afande. Humuulizi?"

"Siulizi, mama."

"Huyo ni mwanangu."

"Nimeona." Consolata akaweka kalamu chini. Alikuwa binti wa kama miaka thelathini, na macho yalikuwa mekundu kwa vumbi la siku nne. "Mama, nikimuuliza huyu leo, kesho haji mtu. Zile zilizobaki zitafukiwa. Na walio nyuma ya hizo, mama zao hawatawaona."

Wankyo akafikiri. Akaona kwamba ni kweli. Kama wangeuliza, Mugeta asingeileta, na kikombe cha saba angekimwaga mpaka siku ya kufa. Akaona pia kwamba hiyo si haki. Mambo yote mawili yalisimama palepale mezani, hakuna lililomsukuma mwenzake.

"Mama Makoye," alisema Mugeta.

"Chukua mabati yako, Baba Hana. Unawazibia watu njia."

Tangu hapo Wankyo hakuuza uji. Ndoo alimwachia Helena. Alileta mkeka na chungu, akapika ugali wa udaga wa muhogo na samaki furu wa kukaanga pale pale ukutani, kati ya nyumbu na yule bwana wa koti la mvua. Makoye alikula kidogo, kama mtu aliyetoka safari. Sweta lake lilikuwa na tundu dogo kifuani. Wankyo akaliziba kwa uzi wa bluu, kijani kilikosekana dukani.

Alimsimulia habari. Dada yake Ghati ameolewa Kisorya, mume wake anafanya kazi kwenye kivuko. Padri amehamishwa. Ule mti wa mpaka umeanguka na hakuna aliyegombana. Ijumaa wakampigia Ghati simu. Mtandao ukawa unakatika kwa sababu ya upepo wa ziwani huko kwake.

"Sauti yako haijabadilika," alisema Ghati.

"Yako imenenepa."

Ghati akacheka, akalia, akasema vocha inaisha, akaendelea kuongea robo saa.

"Uliumia?" Wankyo aliuliza baadaye, akiwa anaosha sahani.

"Kidogo. Kama kujikwaa."

"Uliniita?"

Makoye alifikiri, maana hakuwahi kuwa mwongo. "Niliita ng'ombe. Yule mwekundu alikuwa anaelekea korongoni. Nilishawakimbiza wale watu, mama, walishaniachia. Nilikuwa nawarudisha. Ila njia ya kurudi inapinda kwanza kama unaenda kwao, na Baba Hana akaniona kwa mbali napiga mluzi nyuma ya ng'ombe wake. Mwizi naye anapigaga mluzi."

"Akaja kukuangalia?"

"Alikuja. Akaniambia nyamaza, nyamaza, tutafika. Nami nilikuwa nimeshanyamaza."

Jumamosi mchana Mugeta alikuja na baiskeli, mabati matatu yamefungwa nyuma. Hakushuka vizuri, alibaki ameshika usukani. Alisema amemuuliza afande. Orodha inasainiwa Jumapili, na kabla ya hapo waraka haukatazi mtu kurudisha mabati na kuchukua bunduki yake. Lori likifika, zinakwenda Musoma kuchomwa, na zikichomwa, wanaozifuata wanakwisha.

"Nitaichukua," alisema. "Niilete kwako. Uiweke darini. Yeye akae nyumbani."

Mugeta akasimama kidogo, kisha akaegemeza baiskeli ukutani, akaondoka kwa miguu ili Wankyo aamue bila kutazamwa.

Nyumbani. Aliiona fimbo ya Makoye imeegemea mlango. Alimwona amekaa jikoni anamwambia chumvi imezidi. Miaka kumi na tisa yake isingeongezeka, angemkuta hivyo kila asubuhi, na siku ambayo Wankyo mwenyewe angekufa, Makoye angekuwepo wa kumfumba macho. Hakuna kitu alichowahi kukitaka hivyo, wala mume alipokuwa hai, wala mvua mwaka wa njaa.

"Unataka nini?" alimuuliza.

"Nyumbani," alisema Makoye, hapo hapo.

Wakakaa. Swala mmoja akaja kunusa chungu, Wankyo akamsukuma kwa kiwiko.

"Lakini yowe likilia," alisema Wankyo, "watakuja kuiazima."

"Watakuja."

"Wanajua nyumba ipi ina nini. Nami sijawahi kumnyima mtu kitu yowe likilia. Hata panga la baba yako nilitoa."

"Huwezi kunyima. Hata mimi nisingenyima."

"Atakwenda nayo mtu, kutakuwa hakujapambazuka vizuri."

"Na mtu atakuwa anapiga mluzi," alisema Makoye.

Jua lilipoinama Wankyo alimtuma Helena ampelekee Mugeta baiskeli yake na mabati yake.

Lori lilikuja Jumatatu. Bunduki sitini na moja zikapakiwa, na waliouawa wakapanda juu yake, watu kumi na wanne na wanyama kwa kadiri walivyoenea. Nyumbu walikataa kupanda, wakakimbia nyuma ya lori njia nzima. Consolata akamwambia Wankyo apande mbele, kuna kiti. Wankyo akasema atakaa nyuma. Walipita Nyamuswa, wakapita Butiama, na pale ndugu wa yule bwana wa koti la mvua walikuwa wamejipanga barabarani, wakampungia mkono, naye akawapungia. Makoye hakuwahi kufika Musoma. Barabara ilipoteremka na ziwa likatokea, akasimama, akashika bomba la lori.

"Lote hili ni maji?"

"Lote."

"Na ng'ombe wetu wanasukumana kwenye kile kisima chetu."

Wankyo akamshika sweta kwa nyuma asianguke, ingawa asingeumia.

Bunduki zilichomwa kwenye uwanja mbele ya viti vya wageni. Mgeni mmoja alisoma hotuba. Alisema silaha sitini na moja zimekusanywa kwa amani na hakuna hata mtu mmoja aliyepoteza maisha. Wale kumi na wanne walisikiliza wakiwa wamesimama jua kali, kwa adabu. Kisha zikamwagiwa mafuta ya taa. Mbao za vitako ndizo zilizoshika kwanza, na kila moja ilipoanguka, mmoja aliondoka. Wankyo alikuwa ameshika mkono wa Makoye. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye sugu za fimbo. Alimwambia njia hiyo haipindi, aende tu. Makoye akasema sawa mama. Baada ya muda Wankyo akawa ameshika uzi wa bluu. Akaufunga kwenye kidole chake, akaenda kutafuta basi.

Alipofika nyumbani alikwenda kwa wazee, akawaeleza. Wazee wakakaa siku mbili. Wakasema wanamwonea huruma, lakini hawawezi kukaa kikao juu ya jambo ambalo serikali imeahidi kutoliuliza. Kumchinjia Mugeta kondoo ni kumuuliza. Basi kondoo hakuchinjwa. Mvua zilipokaribia, Mugeta akaja na ng'ombe wake akalima shamba la Wankyo kwanza, kama miaka yote. Wankyo hakumfukuza. Alimtazama kutoka mlangoni, na alipomaliza akamwambia asante, na hakumkaribisha.

Mwezi wa kumi na mbili, alfajiri, yowe lilipigwa upande wa mashariki. Wankyo alikuwa nje tayari, anapepeta mtama. Wanaume wakapita mbio mmoja mmoja kwenye njia ya mbele ya nyumba yake, na wa nne alikuwa Mugeta, ana gobore jipya la Eliasi, alilopata kwa mabati yake mawili. Akapunguza mwendo, maana huwezi kumpita mtu mzima bila salamu.

"Habari za asubuhi, Mama Makoye."

"Nzuri, Baba Hana."

Akaongeza mbio. Wankyo akaweka ungo chini, akanyanyuka, akakinga macho kwa kiganja, akaitazama ile njia nyuma ya Mugeta kwa muda mrefu, mpaka alipopotea kwenye ukungu wa bonde.

Hapakuwa na mtu bado.